Fundi Redio na Nchi ya Chumvi

Mashine ile haikuwa yake, na hilo ndilo jambo la kwanza alilomwambia kila aliyeingia kibandani. "Ya mtu hii. Mimi naijaribu tu." Aliijaribu kwa miaka kumi na mmoja.

Kibanda chake kilikuwa Magomeni hapa Bagamoyo, kikitenganishwa na chumba alichoshonea mama yangu kwa ukuta mmoja tu. Tulimwita Fundi Redio, ingawa redio zilikuwa zimeshapungua na alichotengeneza zaidi ni pasi, feni na televisheni za kichogo. Mtu mmoja wa Miono alimletea mashine ya gemu iliyogoma kusoma sidi. Akaambiwa njoo kesho, hakurudi. Fundi aliifungua, akasafisha lenzi kwa pamba na spiriti, ikasoma. Ndani mlikuwa na sidi moja. Akaandika kwenye kipande cha karatasi "Bwana wa Miono", akakibandika juu ya mashine, na tangu siku hiyo akawa anaijaribu.

Vitu vya watu wasiorudi vilijaza rafu nzima nyuma yake, kila kimoja na karatasi yake. "Bibi wa Kaole, pasi." "Kijana wa pikipiki nyekundu, redio." Hakuuza hata kimoja. Mama alimwambia mara nyingi avitoe apate nafasi ya kunyoosha miguu, naye alijibu, "Sasa dada yangu, mwenyewe akitokea leo nitamwambia nini?" Aliyesema hayo ni yuleyule ambaye benchi lake la nje halikukosa wateja waliokuwa wakiambiwa njoo kesho kwa wiki tatu mfululizo, redio zao hazijaguswa. Kwa mali ya mtu aliyesahau, alikuwa mwaminifu kupita kiasi. Kwa mali ya mtu aliyekumbuka, alikuwa mwongo bila haya. Nimelifikiria sana jambo hili. Kuna wakati nilidhani alipenda vitu kuliko wenye vitu, lakini nikishasema hivyo naona nimemwonea, kwa sababu nilishawahi kumwona anafunga kibanda mchana kutwa kwenda kukaa na mzee aliyefiwa, mtu ambaye hakuwa hata jirani.

Gemu lenyewe lilikuwa hivi. Mtu mmoja amevaa koti refu, na mbwa wake, wanatembea katika nchi nyeupe isiyo na mwisho. Kuna minara saba. Kila mnara una mlinzi mkubwa wa kupigana naye, na ndani yake mna mtu anayezungumza ukishamshinda mlinzi. Wanazungumza Kiingereza, maneno yakipita chini ya kioo kwa herufi ambazo kwenye televisheni yetu zilionekana kama sisimizi wanaohama. Hatukuweza kuzisoma, na hata tungeweza tusingezielewa. Kiingereza cha Fundi kiliishia kwenye majina ya vifaa vya umeme.

Basi akasimulia yeye.

Kwa simulizi yake, mtu wa koti alikuwa anamtafuta dada yake. Dada aliolewa mbali, harusi ikachezwa, kisha kimya. Mwaka wa kwanza kimya, wa pili kimya. Kaka akamchukua mbwa wa dada yake, maana mbwa anajua harufu ya mwenyewe, akaondoka. Ile minara ilikuwa ya wakwe. Wa kwanza ulikuwa wa mjomba wa mume, wa pili wa shangazi mtu, na kuendelea, na wale walinzi ndio masharti ya kuingia ukweni.

"Enhe, shangazi huyo kaanza," alisema, mgongo kautupia televisheni, bisibisi mkononi. "Anasema, 'Huyo dada yako simjui. Na kama namjua, hakuwa anajua kupika.' Msikilize. Mgeni hata maji hajapewa."

"Nimpige, Fundi?" aliuliza Idrisa.

"Shangazi wa watu umpige? Ondoka, nenda mnara wa tatu. Usimuage."

Alisimulia huku ametupa mgongo. Alijua kwa sauti tu tulipofika. Upepo ukibadilika alijua tumeingia bondeni, na miguu ikilia kwenye mbao alisema, "Darajani hapo, mwangalie mbwa." Adhana ikilia mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kitufe cha sauti, na mtu wa koti alitembea kimya mpaka muadhini amalize. Mashine haikuwa na kadi ya kuhifadhi tulipofika, kwa hiyo kila siku tulianza upya. Ili tufike mnara wa saba ilibidi iwe Jumamosi, na umeme usikatike tangu asubuhi mpaka alasiri. Siku hizo zilikuwa chache. Na tukifika, mlango wa mnara ukianza kufunguka, sidi ilikuwa na mkwaruzo palepale, picha iliganda.

"Nani yumo ndani, Fundi?" tulimuuliza. "Dada yumo?"

"Hapo sijafika. Nisichokiona sikisemi."

Mtu huyu aliyeweza kumtungia shangazi matusi kutoka kwenye lugha asiyoijua hakukubali hata siku moja kutunga mwisho. Tulimbembeleza, Idrisa aliwahi hata kulia. Alikataa.

Idrisa ndiye mwingine niliyepaswa kumtaja mapema, na nadhani nimemchelewesha kwa makusudi. Tulikuwa darasa moja. Baba yake alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi kaskazini ya mji, na siku ya kwanza Idrisa alipoiona ile nchi nyeupe alisema bila kusita, "Hii chumvi. Kwa kina baba kuko hivi hivi." Fundi aligeuka, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara, akaitazama televisheni kwa muda. "Chumvi," akasema. "Kweli kabisa. Ndiyo maana hapaoti kitu." Tangu siku hiyo ikawa Nchi ya Chumvi, wakwe wakawa matajiri wa chumvi, na dada akawa amepotea kwa sababu barua hazidumu kwenye chumvi, zinaliwa.

Mimi nilikuwa nimefika kibandani kabla ya Idrisa, miezi miwili mizima. Nilikuwa nimeshasema ni unga. Fundi alinijibu, bila kugeuka, "Unga wote huo, na mbwa hajaulamba?"

Nilipofika darasa la sita tukafundishwa theluji. Nilikimbia kutoka shule mpaka kibandani nikiwa na daftari.

"Fundi, ile siyo chumvi. Ni theluji. Tumefundishwa leo."

"Theluji inakaa wapi?"

"Juu ya mlima."

"Huyu yuko mlimani?"

Nikaitazama televisheni. Alikuwa bondeni. "Hapana," nikasema.

"Haya," akasema Fundi, na Idrisa akacheka mpaka pedi ya kuchezea ikamdondoka.

Wivu wangu kwa Idrisa haukuwa wa kitu kimoja. Ulikuwa wa vitu vidogo vingi, na kila kimoja nilikikagua mara mia. Fundi alimpa Idrisa pedi kwenye minara, penye mapigano. Mimi alinipa safari, ule mwendo mrefu kati ya mnara na mnara ambapo hakuna kinachotokea zaidi ya kutembea. "Binti atatutembeza," alisema. Idrisa aliruhusiwa kufungua mashine na kusafisha lenzi. Mimi nilishika tochi. Nilimsalimia shikamoo nikapata marahaba fupi, ya mtu aliyebana skrubu mdomoni. Idrisa akapata marahaba na swali juu yake: "Marahaba, baba hajambo?" Nilijiambia ni kwa sababu anamfahamu baba yake. Kisha nikajiuliza mbona mama yangu anamfahamu zaidi, maana ni jirani, na hakuna siku aliyoniuliza hali yake. Niliona baadaye kwamba mama alikuwa anamsikia kupitia ukutani na angeweza kujijibia mwenyewe, lakini hilo halikunisaidia.

Siku nilipokuwa wa kwanza darasani nilimpelekea ripoti. Alifuta mikono, akaishika kwa kingo kama kitu cha moto, akaisoma yote.

"Vizuri sana," akasema. "Idrisa je, kapata ngapi?"

Idrisa alikuwa wa arobaini na kitu. Jioni ile alipewa pedi kila mnara waliofika na kila safari. Nilikaa kwenye benchi la wateja nikiangalia migongo yao miwili. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mbili na nilijua tayari kwamba kuna aina ya ushindi inayokupotezea kitu, ila nilikuwa sijajua nani wa kumlalamikia.

Halafu, siku nilipokwenda kumuaga naenda chuo Dodoma, alifanya jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. Kibandani hapakuwa na mtu. Mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa, sidi imeshakuwa mbovu kabisa, haifiki hata mnara wa pili. Aliniuliza nitasoma nini, nikamwambia mipango ya maendeleo, akasema ni jambo zuri watu wapange. Kisha akaashiria ile mashine kwa bisibisi.

"Hawa watu walikuwa wanasema nini?"

"Nani, Fundi?"

"Hawa wa minarani. Wewe sasa unakwenda kusomea Kiingereza chote. Ukijua, njoo uniambie."

Hakumwambia Idrisa. Aliniambia mimi.

Nilijua katika mwezi wa tatu wa chuo. Nilinunua bando, nikalitafuta gemu kwenye mtandao, nikamtazama mtu nisiyemjua akilicheza mwanzo hadi mwisho kwenye simu yangu yenye ufa. Hapakuwa na dada. Mtu wa koti alikuwa askari aliyekimbia vita, wenzake wote wakafa. Minarani waliishi wazazi na wajane wa wale wenzake, naye alikuwa anawapitia mmoja mmoja kuomba msamaha. Yule shangazi mwenye domo, aliyesema dada hajui kupika, alikuwa mama aliyekuwa akimwambia jina la mwanawe aliyekufa.

Sikwenda kumwambia. Likizo ya kwanza nilisema anaumwa macho, nisimsumbue. Ya pili nilimpita barabarani nikamwamkia haraka kama mtu anayewahi gari. Niliogopa kumnyang'anya, huo ni ukweli. Lakini niliogopa pia kitu kingine: kwamba nikishamwambia sitabaki na chochote ambacho Idrisa hana.

Nilirudi nyumbani na shahada yangu. Sasa ni mwaka wa pili natuma maombi ya kazi, na kila nisipoitwa kwenye usaili narudia kusoma barua niliyoituma nikitafuta koma iliyoniharibia. Idrisa hakuendelea baada ya kidato cha nne. Ni fundi marumaru, hoteli za pwani zinamgombania, maana mikono yake haitetereki. Amejenga. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe: "Msomi, njoo uone kitu."

Kitu chenyewe kilikuwa sebuleni kwake chini ya televisheni pana kama mlango. Mashine mpya kabisa, na ndani yake Nchi ya Chumvi, imetengenezwa upya kwa ajili ya mashine za sasa. Nilisema hongera. Nilikuwa naangalia sakafu aliyoitandika mwenyewe, vigae vimekutana bila mwanya, na nilikuwa nawaza jinsi nilivyolitafuta toleo hili kwenye simu kila wiki tangu nisikie linakuja, bila kuwa na pa kulichezea.

Tulicheza mchana wa siku tatu. Alinipa pedi bila kuuliza tulipofika safari, nami nikaipokea bila kuuliza. Kila kitu kilikuwa palepale na hakuna kilichokuwa vilevile. Mbwa alikuwa na manyoya yanayopanguka kwa upepo. Mtu wa koti alikuwa na uso, na ulikuwa uso mchovu, wa mtu mzima kuliko nilivyodhani. Na ile nchi nyeupe ilikuwa inaanguka kutoka mawinguni, vipande kwa vipande, ikituama kwenye mabega yake na kuyeyuka. Alipopumua moshi ulimtoka mdomoni. Nilimtazama Idrisa. Alikuwa anaona ninachokiona.

"Inaanguka," nikasema.

"Naona."

"Chumvi haianguki, Idrisa."

"Najua haianguki. Nimezaliwa kwenye chumvi." Akaendelea kutazama mbele. "Safari inakushinda? Lete pedi."

Tulipofika mlango wa mnara wa saba aliisimamisha. Mashine hizi zinakumbuka zenyewe pale ulipoachia. Aliweka pedi mezani, akasema, "Hapa tusiingie. Tumlete Fundi."

Nilikubali kwa kichwa. Katika siku zote tatu wazo hilo halikunijia, na yeye lilimjia bila kulitafuta.

Alikuja Ijumaa baada ya sala, kwa kanzu, Idrisa kamshika kiwiko. Jicho moja limeshaingia ukungu. Nilimwamkia, akasema marahaba, akaniuliza kazi nimepata. Nikasema bado. "Watakuita," akasema. Aliwekewa kiti karibu kabisa na kioo. Watoto wawili wa dada yake Idrisa walikaa kwenye mkeka miguuni pake. Mimi nilisimama nyuma ya kochi, nikiwa na sentensi niliyoitayarisha kwa miaka mitano.

Fundi alitazama kwa muda mrefu.

"Inaanguka kutoka juu?" akauliza.

"Upepo huo, Fundi," akasema Idrisa. "Unaipeperusha."

"Ni theluji," nikasema.

Idrisa aligeuza shingo akanitazama, kisha akabonyeza, na mlango wa mnara wa saba ukafunguka. Haukuganda. Ndani alikuwa amekaa mwanamke, nywele nyeupe, mikono mapajani. Akaanza kuzungumza, na maneno yakapita chini ya kioo, makubwa na safi, hata mtoto angeyasoma.

"Anasema, 'Nilikuwa nakungoja, askari,'" nikasoma.

"Askari nani?" akauliza Fundi.

"Huyu wa koti. Fundi, uliniambia nikijua nije nikwambie. Huyu ni askari aliyekimbia vita. Wenzake wote walikufa. Kwenye minara ni wazazi wao na wajane wao, anawaomba msamaha. Huyu mwanamke ndiye jaji, atamhukumu."

Yote yalitoka kwa pumzi moja. Idrisa alikuwa ameisimamisha picha. Mwanamke wa mnarani alibaki mdomo wazi.

"Na dada?" akauliza Fundi.

"Hayumo."

"Kafa?"

"Hayumo kabisa, Fundi. Hakuwahi kuwamo."

"Mbwa wa nani?"

"Wa jeshi."

"Msomi," akasema Idrisa taratibu, "ungengoja basi."

"Mwache," akasema Fundi. "Nilimtuma mimi." Alipitisha kidole chini ya jicho lake bovu, kisha akauliza, "Haya mambo aliyaandika nani?"

"Hao waliotengeneza."

"Hao hawana dada."

Watoto wakacheka. Fundi hakucheka, ila aligeuka kwenye kiti mpaka akanipata kwa lile jicho zima. "Umenisomea vizuri, binti. Ahsante. Nilitaka kujua na sasa nimejua." Akarudisha uso kwenye kioo. "Sasa shika hiyo rimoti, punguza sauti. Idrisa, twende."

Mikono ya Idrisa yote miwili ilikuwa kwenye pedi. Mimi ndiye niliyekuwa sina cha kushika. Nikaichukua rimoti mezani. Picha ikatembea, mwanamke akainuka kwenye kiti chake, mbwa akamwendea akalala miguuni pake, na Fundi akasogea mbele.

"Enhe. Kamjua. Mnaona mbwa? Kamjua harufu. Miaka yote hiyo na nywele zimeshakuwa nyeupe, watu wote wamemkana, mbwa kamjua." Sauti yake ilikuwa ileile, haikuwa imezeeka hata kidogo. Watoto walikuwa wamemsogelea. Idrisa midomo ilikuwa inamcheza ikifuata maneno, kama tulipokuwa watoto. "Anasema, 'Kaka, umechelewa, lakini umekuja.' Anasema..." Fundi akasita, akainua mkono kuelekea nilipo, akiupunga chini, punguza, punguza.

Nilipunguza mpaka namba pembeni ya kioo ikasoma sifuri. Mkono wake ukaendelea kupunga. Nikabonyeza tena, hapakuwa na cha kupunguza. Ndipo nikaisikia sauti iliyokuwa inamkera. Ilikuwa yangu. Nilikuwa bado nasoma yale maneno ya chini ya kioo.